Leso ya Sentimita 25: Kumvisha Barbie wa Mtumba

Nilimpata soko la Kongowea, Mombasa, siku ya Jumamosi, chini ya rundo la vigari vya plastiki na dubu wa manyoya. Alikuwa uchi, mweusi wa rangi ya tende, nywele zimekatwa upande mmoja hadi ngozini, na mdomo umefutika nusu. Kijana muuzaji alimgeuza akanionyesha mgongo. "Mama, soma mwenyewe, 1966. Huyu ni wa zamani kabisa, simtoi kwa mia." Nikamjibu, "Mwanangu, hebu kwanza nimtazame shingoni." Tulikubaliana shilingi 150, na kwenye matatu nikampakata ndani ya mtandio hadi nyumbani Majengo.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona madera na sare za shule. Usiku, watoto wakishalala, meza ni ya wanasesere. Huyu ni wa kumi na nne. Wanaokuja dukani wakiwaona kabatini huuliza nguo nimezikataje, na mimi huanza kuwaeleza sabuni na maji. Nguo ni hatua ya mwisho. Basi nitaandika kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, nikimtumia huyu niliyempa jina Mwanakombo.

Msome kabla hujamgusa

Mwaka ulioandikwa mgongoni mwa Barbie si mwaka aliotengenezwa. Ni mwaka ambao kampuni ya Mattel ilijiwekea haki ya umbo lile la kiwiliwili, na umbo la 1966 liliendelea kutumika kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo mwanasesere wa miaka ya 1990 anaweza kuwa na 1966 mgongoni bila udanganyifu wowote. Inua nywele za kisogoni, tazama ukingo wa kichwa pale kinapokutana na shingo. Kuna mwaka mwingine pale, wa umbo la uso. Mwanakombo ana 1987. Maana yake hawezi kuwa mkubwa kuliko mwaka huo, hata mgongo useme nini.

Uso huo wa 1987 ulitengenezewa Christie, rafiki mweusi wa Barbie, kisha ukatumiwa kwa Barbie weusi wengi waliofuata. Barbie mwenyewe alianza kuuzwa 1959, lakini mweusi wa kwanza kuitwa jina hilo hilo la Barbie alitoka 1980, akiwa kazi ya mbunifu Kitty Black Perkins. Mimi hupenda kujua mambo haya kabla sijashika mkasi, kwa sababu yananiambia kama nina haki ya kubadilisha. Mwanasesere aliyefika na nguo zake za kiwandani, viatu viwili na boksi lake, muoshe vumbi umwache. Aliyefika uchi na nywele zimenyolewa na mtoto wa watu, huyo ni wako, mfanye upya.

Msome pia kwa vidole. Kichwa ni vinaili laini, ukikibonyeza kinaingia. Kifua ni plastiki ngumu, ukikigonga kwa kucha kinalia. Miguu ni ya mpira mzito wenye mfupa ndani, ukiikunja goti linatoa sauti mara mbili, tatu. Tofauti hizi utazihitaji baadaye: asetoni inayotoa rangi ya mdomo juu ya vinaili itayeyusha kifua mara moja.

Maji na sabuni

Sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, mswaki laini wa mtoto. Anzia nyuma ya masikio na katikati ya vidole, ndiko uchafu unakojificha. Wino wa kalamu na madoa ya nguo hayatoki kwa sabuni kwa sababu yamezama ndani ya plastiki. Kuna dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 10 ambayo wakusanyaji wengi huipaka juu ya doa, wakalifunika kwa nailoni na kuliacha siku kadhaa. Inafanya kazi kweli, kwa vile inachujua rangi. Na hapo ndipo mimi nilipoumia: mwanasesere wangu wa tatu, mweusi kama huyu, nilimwachia kipande cha kitambaa chekundu majuma mawili kikaacha doa pajani. Nikapaka dawa. Doa likaondoka pamoja na rangi ya paja lenyewe, na hadi leo ana baka la kijivu la ukubwa wa kucha. Tangu hapo, kwa mwanasesere mweusi siitumii tena. Doa dogo nalifunika kwa nguo, na nguvu zangu naziweka katika kuzuia doa jipya.

Nywele

Kama nywele ni zima na zimesokotana tu, bahati yako. Zioshe, zipake dawa ya kulainisha nguo, uziache nusu saa, kisha chana kwa kitana cha meno mapana ukianzia ncha na kupanda juu taratibu. Ukianzia juu utazing'oa.

Za Mwanakombo hazikuwa za kuokolewa. Nilimwita jirani yangu, msusi, tukakaa kibarazani na pakiti tatu za nywele za kusukia. "Dada, zote zimeandikwa Kanekalon, ule uzi wa bandia," akaniambia, "lakini mimi naziamini nikishaziona majini." Alikata nyuzi tano za kila pakiti akazitumbukiza kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka. Za pakiti moja zilijikunja zikawa ngumu kama bati. Za nyingine mbili zilitulia, laini, zikakaa zilivyowekwa. Jaribio hili ni la sekunde kumi, na kulikosa ni kupoteza kazi ya usiku tatu, maana nywele za wanasesere zinatengenezwa kwa maji ya moto kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kichwa hutoka hivi: kitumbukize kwenye maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia, lakini yasiyochemka, kwa dakika tatu hivi. Kikishalainika, kibonyeze mashavu pande zote mbili, kiyumbishe huku ukikivuta. Ndani ya shingo kuna kifundo chenye masikio, na kikivunjika kichwa hakisimami tena. Kwa hiyo kikikataa, kirudishe majini, usishindane nacho. Kata nywele za zamani ziwe fupi, zing'oe kutoka ndani kwa koleo ndogo ya nyusi.

Sindano ya kupandia ninaitengeneza mwenyewe. Nachukua sindano nene ya mkono, nakata ncha ya tundu ili libaki kama uma wa meno mawili, kisha naipachika kwenye kijiti cha mbao ncha hiyo ikitazama nje. Nywele kumi na tano hivi zinakunjwa katikati, mkunjo unakaa kwenye uma, unasukumwa ndani ya tundu la zamani, sindano inatoka nywele zinabaki. Tundu baada ya tundu, kutoka kisogoni kuja mbele. Ukimaliza, paka gundi nyeupe kwa ndani, ya kutosha kushika mizizi yote, na uiache siku nzima ikauke. Gundi ile kali ya matone ikae mbali: inakuwa ngumu kama jiwe na kichwa hakikubali tena kurudi shingoni.

Sikupanda kichwa chote. Nilipanda mistari miwili ya mbele, njia ya katikati, na mistari mitatu ya kisogoni. Utosi niliuacha. Mwanakombo ni mtu wa ushungi, na nywele nyingi chini ya ushungi zingemfanya aonekane amebeba mtungi kichwani. Hapa ndipo ninapokutana kila mara na jambo lile lile ambalo nitalirudia kwenye nguo: kila kitu cha mwanasesere huyu unaweza kukigawanya kwa sita, isipokuwa unene wa uzi. Unywele wa dukani ni mnene kama wa kwetu, na kichwa chake ni kidogo kuliko ndimu.

Za mbele nilimsuka misuko midogo, kila mmoja nyuzi thelathini tu, kisha nikatumbukiza ncha kwenye maji ya moto kama wasusi wanavyofanya, nikazibana kwa taulo zipoe.

Uso, kwa ufupi

Pamba ya kijiti, asetoni kidogo, mdomo peke yake, na kichwa kikiwa bado kimetolewa kwenye kiwiliwili. Macho ya kiwandani niliyaacha kwa sababu yalikuwa mazima na ni mazuri. Rangi mpya ni akriliki, nyepesi kama maji, mara tatu au nne kwa brashi yenye nywele chache. Ukipaka mara moja nzito itabanduka. Dawa ya kupuliza ya kufunga rangi inataka hewa kavu. Hapa pwani wakati wa masika inaacha ukungu mweupe usoni, kwa hiyo kazi ya kupuliza mimi huiweka Januari na Februari, kaskazi ikivuma, nje uani, nikiwa na barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali. Kitambaa cha puani hakitoshi.

Gawanya kwa sita

Barbie ana urefu wa sentimita 29 hivi na hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa sita. Kifua cha mwili huu wa zamani ni kama sentimita 13 na kiuno kama 9. Lakini usiniamini mimi, mpime wako, kwa sababu tangu 2016 kuna maumbo mengine: mrefu, mfupi na mnene, na nguo ya mmoja haimwingii mwingine.

Nguo yangu ya kwanza ya mwanasesere niliishona kwa kitenge kilichobaki mezani. Nilipima vizuri, nikagawanya vizuri, nikashona vizuri, na gauni likasimama wima peke yake kama mwavuli. Nililitazama muda mrefu sana. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Kilichonishinda ni kwamba kitenge hakikuwa kimepungua unene pamoja na gauni, wala hakikuwa na uzito wa kushuka. Tangu siku hiyo nina kanuni mbili. Kitambaa kiwe chembamba kuliko vyote nilivyonavyo: melimeli, mtandio, au dera la rayoni lililofuliwa miaka hadi likachakaa. Na upana ninaoupata kwa kugawanya naupunguza tena. Dera la mtu mzima lenye upana wa sentimita 132 lingetoa 22. La Mwanakombo nimelikata 17, na linamshuka mwilini kama linavyotakiwa.

Ili kupata ramani ya mwili, mzungushie nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake selotepu ya karatasi, chora mistari ya mabega na ubavu kwa kalamu, kata, tandaza. Hiyo ndiyo saizi yake halisi. Ongeza nusu sentimita kila upande wa mshono.

Kwenye cherehani naweka sindano namba 9, uzi mwembamba wa ovaloki, na mshono mfupi. Jambo lisilofanana na ushonaji wa watu wazima ni utaratibu: maliza shingo, mikono na pindo la chini nguo ikiwa bado imetandazwa, mbavu zifunge mwisho kabisa. Ukishazifunga, mkono wa dera unakuwa na mdomo wa sentimita tatu, na hakuna mguu wa cherehani unaoingia hapo. Piga pasi baada ya kila mshono, bila kuruka hata mmoja. Mgongoni acha mpasuko na uweke vifungo viwili vidogo vya kubana, vile vya chuma vya duara. Velkro usiiweke, itakula nywele ulizopanda kwa mkono.

Kumvisha, mwingize kwa miguu. Vidole vyake vikikwama kwenye mkono wa nguo, kata kipande cha mrija, mvike kiganjani, kisha pitisha mkono. Mrija unateleza unatoka upande wa pili.

Viatu sitavizungumzia sana. Miguu ya mwili huu imesimama kwa ncha za vidole, ndara za chini hazimkai. Dera refu lifunike.

Doti kutoka hanchifu moja

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Leso yetu ya kuvaa, yaani kanga, ina takriban sentimita 150 kwa 110. Gawanya kwa sita: 25 kwa 18. Ukijaribu kuikata kutoka leso ya dukani utapata kipande cha pindo au nusu ya ua moja, si leso. Leso ni pindo, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake, vyote vitatu vikiwa mahali pake. Inabidi uichore.

Nami natumia hanchifu nyeupe ya pamba ya wanaume, ya sentimita 40 kwa 40. Nilianza kwa sababu ni nyembamba na inauzwa kila duka. Baadaye ndipo nikakumbuka tuliyohadithiwa: kwamba leso ilianzia kwenye hanchifu za Wareno, lenço kwa lugha yao, ambazo wanawake wa pwani walinunua kabla hazijakatwa, wakaunganisha sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Mimi nafanya kinyume chao. Leso mbili za 25 kwa 18 zinakaa bega kwa bega ndani ya hanchifu moja na nafasi ya kupinda inabaki. Doti kamili, yaani leso pacha mbili.

Ifue kwa maji ya moto kwanza itoke gundi ya kiwandani. Itandaze kwenye ubao, ivute, ibane kwa pini pembeni. Chora kwa penseli pindo la sentimita mbili na nusu pande zote nne. Muhuri wa korosho za pindoni nauchonga kwenye kifutio cha shule: korosho moja yenye urefu wa sentimita moja, mkia umepinda kushoto. Gawanya kifutio, chonga na nukta. Rangi ya nguo ipake kwenye muhuri kwa sponji, nyembamba sana, ujaribu kwanza kwenye gazeti. Nilianza na kona nne, kisha nikajaza katikati, maana ukianza katikati korosho za mwisho hazitaingia vizuri konani, na kona ndiyo jicho linayoitazama kwanza. Mji niliuacha na nyota ndogo tano. Rangi zangu ni nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, kama kisutu cha harusi.

Jina linaandikwa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, kwa kalamu ya nguo yenye ncha nyembamba kuliko zote, herufi kubwa zenye urefu wa milimita tatu. Lipime kwa penseli kutoka katikati kwenda pande zote mbili lisije likaangukia upande mmoja. La Mwanakombo ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nililiandika mara mbili, kwa sababu doti ni leso mbili zenye jina moja.

Rangi ikikauka, piga pasi kwa nyuma dakika kama maelezo ya chupa yanavyosema, ifue tena, ibonyeze kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikibaki cheupe, kata, pinda. Kikipata wekundu, fua tena. Mimi hii nyekundu niliifua mara nne.

Sasa kufunga. Leso kwetu sisi inakaa kwa uzito wake na kwa ngozi. Plastiki inateleza, na kipande hiki hakina uzito. Chukua kijiko cha chai cha kanji, koroga kwenye kikombe cha maji ya moto hadi yawe mepesi kama maziwa. Mzungushie Mwanakombo nailoni kuanzia kwapani hadi miguuni. Lowesha leso, ikamue, mfunge ikiwa mbichi: upande wa kulia uingie ndani, wa kushoto upite juu, jina likae nyuma lisomeke. Panga mikunjo kwa ncha ya sindano, mmoja mmoja, kisha izungushie uzi wa pamba bila kukaza. Mpira wa kufungia pesa utaacha alama mwilini na haitoki. Ya pili mtie ushungi vivyo hivyo, misuko ya mbele ikichungulia.

Msimamishe usiku kucha mbali na feni. Asubuhi fungua uzi, ivue leso kwa uangalifu, toa nailoni, na utaona mikunjo imekaa pale pale ulipoiweka. Kwa ndani, pale kiunoni, shonea kifungo kimoja cha kubana na kipande cha melimeli nyeupe kitenganishe wekundu na paja. Mrudishie.

Kabati lake liwe mbali na dirisha, mlango usizibe hewa. Vinaili vya zamani vikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki huanza kunata. Mwanakombo anasimama rafu ya pili, kati ya mwanasesere wa tatu na wa tisa. Kila Ijumaa baada ya kufunga duka namvua leso ya chini, natazama paja la kulia na la kushoto chini ya taa, kisha namfunga tena.